Uhalisia pepe: Wafaa kwa mazoezi, wadhuru asiyejihadhari

Mwanza

TEKNOLOJIA ya uhalisia pepe, inayomfanya mtu aliyevaa miwani maalumu ajione yumo mahali pengine, inaweza kuwasaidia wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria kujifunza kukabili ajali kabla hazijatokea. Hata hivyo, ina madhara ambayo mtumiaji hana budi kuyafahamu.

Miwani hiyo huonyesha kila jicho picha yake, huku vihisio vikifuatilia mwendo wa kichwa. Mtu akigeuka, picha nayo hugeuka, na ubongo hushawishika kuwa kinachoonekana kipo kweli.

Faida yake kubwa ni kumwezesha mtu kuzoea jambo la hatari bila kuhatarisha maisha. Marubani na manahodha wamefunzwa kwa miaka mingi kwa mitambo ya kuigiza safari. Kwa miwani hii, abiria naye anaweza kuonyeshwa chombo kinavyolala upande, mlango wa kutokea ulipo na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha.

Umuhimu wa mazoezi hayo unaeleweka Mwanza. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea jijini humo na kuua mamia ya watu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa.

Katika tiba, mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha mfumo wa uhalisia pepe wa kupunguza maumivu sugu ya mgongo.

Miongoni mwa madhara yake ni kichefuchefu. Msafiri aliyeketi ndani ya meli huchafukwa na moyo kwa sababu sikio la ndani huhisi mawimbi ilhali macho yanaona kuta zilizotulia. Kwa mvaa miwani ni kinyume chake: macho huona mwendo, mwili umetulia.

Aidha, asiyeona chumba alimo huweza kujikwaa au kugonga ukuta, na mwanga unaomweka huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Watengenezaji huweka umri wa chini wa kuitumia. Kampuni ya Meta ilianza mwaka 2023 kuruhusu watoto wa miaka 10, kwa idhini ya mzazi.

Vifaa hivyo pia hukusanya taarifa za mienendo ya mwili. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mtumiaji anapaswa kusoma masharti kabla ya kuyakubali.

Zaidi ya hayo, mazoezi ya miwani hayamfundishi mtu kuogelea, wala hayapunguzi abiria katika kivuko kilichojazwa kupita kiasi. Kazi hiyo hubaki kwa wasimamizi wa vyombo, na kwa abiria anayekataa kupanda.