Mnyama Asiyetajwa: Majina ya Vipande vya Nyama katika Kikorea



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni majina ya vipande vya nyama katika lugha ya Kikorea. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mada hiyo inamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, lugha hizi mbili zimekwisha kukutana. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni, jijini Seoul, kinafundisha Kiswahili, na vijana wa Afrika Mashariki nao huenda Korea Kusini kusoma. Wanapokutana watu, hawakosi kuketi mezani pamoja, na mezani ndipo tafsiri inapohitajika mapema kuliko darasani. Pili, lugha ya bucha ni mahali pazuri pa kujifunzia semantiki. Ng'ombe ana viungo vilevile Seoul na Dodoma, lakini kila lugha humkata kwa kisu chake.

Hoja yangu ni kwamba katika Kikorea jina la kipande cha nyama mara nyingi halimtaji mnyama, ilhali mnyama huyo ni sehemu ya maana ya jina. Anayejumlisha maana za mofimu na kudhani amepata maana ya neno zima atapotoka, na kosa lake laweza kuwa zito kuliko kosa la mtihani.

Maneno ya Kikorea nayaandika kwa hati za Kirumi, nikifuata mfumo rasmi wa mwaka 2000. Msomaji akumbuke kuwa katika mfumo huo "eo" na "ae" kila moja ni irabu moja, wala si mbili.

2.0 Nyama na Mnofu

Neno la msingi ni gogi, yaani nyama. Likitanguliwa na jina la mnyama, maana huwa wazi: so ni ng'ombe, na sogogi ni nyama ya ng'ombe, dwaeji ni nguruwe, na dwaejigogi ni nyama ya nguruwe. Lakini mul ni maji, na mulgogi, yaani "nyama ya maji", ni samaki. Sisi tumeunganisha nyama na mnyama katika mzizi mmoja. Wakorea wamemuunganisha samaki na nyama. Hakuna lugha iliyokosea hapa, ila kila moja imechora mpaka wake.

Neno la pili ni sal. Hili si nyama ya kuliwa tu, bali ni mnofu, hata ule ulio katika mwili wa mtu aliye hai. Majina mengi ya vipande huishia na neno hili. Kwa bahati njema Kiswahili kina neno "mnofu" linalokaribiana nalo sana, na mfasiri asilikimbie kwa kutumia "nyama" kila mahali.

3.0 Njia Nne za Kuunda Majina

Njia ya kwanza ni kutaja mahali katika mwili. Mok ni shingo, na moksal ni mnofu wa shingo. Ap ni mbele, dari ni mguu, na apdari ni mguu wa mbele. Majina mawili ya njia hii yana historia ya kuvutia: deungsim na ansim. Deung ni mgongo na an ni ndani. Deungsim ni nyama ya mgongoni. Ansim ni ile laini iliyofichika upande wa ndani, ambayo iko karibu na ile tuiitayo salala. Mofimu sim huhusishwa na neno him, ambalo leo lina maana ya nguvu. Katika ufafanuzi wa alfabeti ya Kikorea uliotolewa mwaka 1446, enzi za Mfalme Sejong, neno him limetolewa kama mfano na kuelezwa kwa maana ya mshipa wa nyama, wala si nguvu. Sauti h hugeuka kuwa s mbele ya irabu i katika baadhi ya lahaja za Kikorea, na ndiyo sababu him ikawa sim. Maana ya kale iliyotoweka katika mazungumzo ya kawaida imehifadhiwa buchani.

Njia ya pili ni sitiari ya umbo. Buchae ni pepeo la mkononi, na buchaesal ni kipande cha begani ambacho mistari yake hufanana na mbavu za pepeo. Chima ni sketi, na chimasal ni mnofu mpana wa tumboni. Tosi ni kifuniko cha kigasha kivaliwacho kukinga baridi, kuna tosisal. Anchang ni soli ya ndani ya kiatu, kuna anchangsal. Hongdukkae ni gogo la mviringo ambalo zamani nguo zilizungushiwa na kupigwapigwa ili zinyooke. Kuna hongdukkaesal, kipande kirefu cha pajani. Tazameni vifaa hivi: pepeo, sketi, kifuniko cha mkono, soli, gogo la nguo. Vyote ni vitu vya nyumbani vilivyoshikwa kila siku.

Tusidhani kuwa ubunifu huo ni wa Wakorea peke yao. Wauza utumbo wetu wana "taulo" na wana "kitabu". Kile kitabu, yaani sehemu ya tumbo la ng'ombe yenye ngozi nyembamba zilizopangana, Wakorea hukiita cheonyeop, neno lenye asili ya Kichina: cheon ni elfu, yeop ni jani. Wao waliona majani elfu. Sisi tuliona kurasa. Kiungo ni kilekile na jicho lililokitazama ni lilelile. Tofauti ni kwamba neno lao limo katika kamusi, ilhali la kwetu mara nyingi huishia kwenye meza ya muuzaji.

Njia ya tatu ni kuhesabu tabaka. Samgyeopsal ni sam, tatu, gyeop, tabaka, na sal, mnofu. Ni nyama ya tumbo la nguruwe, ambamo mnofu na mafuta hupishana. Ikiachwa na ngozi yake huitwa ogyeopsal, yaani tabaka tano. Kikorea kina mifuatano miwili ya namba, mmoja wa asili na mwingine uliotoka Kichina. Kwa kuwa gyeop ni neno la asili, tungetarajia namba ya asili, na kweli katika maandishi ya miaka ya 1930 jina huonekana kama segyeopsal. Baadaye sam ya Kichina ikashinda. Sisi tunaohesabu nne na tano za Kibantu kisha sita na saba za Kiarabu hatuna sababu ya kustaajabu.

Njia ya nne ni mabadiliko ya sauti, na mfano wake mashuhuri ni galmaegisal. Galmaegi ni shakwe, yule ndege wa pwani. Mwanafunzi mwenye kamusi mkononi ataandika "mnofu wa shakwe" na kuridhika. Lakini hapa shakwe hayumo. Kipande hiki ni kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na jina lake la Kikorea ni garomak, "utando wa kukingama". Garomaksal ilipata kiambishi i, ikatamkwa kwa haraka, sauti zikaathiriana, hatimaye ikafanana na jina la ndege ambalo kila mtu analijua. Wasemaji wakalishika lile lililozoeleka na kulisahau lile la asili.

4.0 Mnyama Asiyetajwa

Sasa tufike penye kiini. Kiwambo hicho kikiwa cha nguruwe, huitwa galmaegisal. Kikiwa cha ng'ombe, huitwa anchangsal. Kiungo ni kimoja, majina ni mawili, na hakuna hata moja linalomtaja mnyama. Moja linataja shakwe, jingine linataja soli ya kiatu. Anayejua Kikorea humwona nguruwe katika la kwanza na ng'ombe katika la pili. Asiyejua haoni chochote.

Ndivyo ilivyo kwa samgyeopsal: mofimu zake tatu hazina nguruwe, lakini neno likisemwa peke yake, nguruwe ndiye anayeeleweka. Ndivyo ilivyo kwa moksal katika matumizi ya kawaida. Galbi, yaani mbavu, huweza kuwa za ng'ombe au za nguruwe, na muuzaji mwangalifu hutanguliza so au dwaeji. Kuna na dakgalbi, chakula mashuhuri cha mji wa Chuncheon. Dak ni kuku, lakini nyama yake kwa kawaida ni ya paja, wala si ya mbavu. Makchang, "utumbo wa mwisho", kwa ng'ombe ni tumbo la nne, na kwa nguruwe ni mwisho wa utumbo mpana.

Mwislamu wa Unguja au Msabato wa Mara anayesoma Seoul hawezi kulichukulia jambo hili kama mchezo wa wanaisimu. Orodha ya vyakula iliyotafsiriwa neno kwa neno itamwambia "mnofu wa tabaka tatu" au "mnofu wa shakwe", naye atakula alichokatazwa huku tafsiri ikiwa haina hata mofimu moja iliyokosewa. Tafsiri ya namna hiyo ni sahihi kwa sehemu zake na ni ya uongo kwa jumla yake.

5.0 Kuhusu Kuhesabu Majina

Nchini Korea hurudiwa mara nyingi dai kwamba Wakorea humgawa ng'ombe katika sehemu 120, na Wabodi, wafugaji wa Ethiopia, katika sehemu 51. Mwanaisimu alipokee dai hilo kwa tahadhari. Mgawanyo rasmi wa nyama ya ng'ombe nchini humo una sehemu kuu 10 na sehemu ndogo 39. Wingi wa majina hutegemea nani anahesabu: serikali, mchinjaji, au mpishi wa supu. Jamii haipimwi kwa idadi ya vidahizo. Ng'ombe wa asili wa Korea hana nundu, hivyo Mkorea hahitaji neno la kipande ambacho kwetu kina jina, bei na wapenzi wake. Pengo hilo halionyeshi umaskini wa lugha yake.

6.0 Hitimisho

Nimeeleza kuwa majina haya huundwa kwa mahali, kwa umbo, kwa hesabu na kwa mabadiliko ya sauti, na kwamba hakuna njia kati ya hizo inayomlazimisha mnyama atajwe. Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili. Kamusi ya Kikorea na Kiswahili ikitungwa, kila kidahizo cha aina hii kitaje mnyama, mahali mwilini na matumizi jikoni, na maana ya mofimu ifuate baadaye kama maelezo ya asili ya neno. Pili, tuanze kazi nyumbani. Salala, kidari na nundu tunavyo kamusini. "Taulo" ya muuza utumbo bado huchukuliwa kuwa kitambaa cha kujifutia maji tu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiagiza supu ya taulo kwa kutegemea kamusi zetu, atakuwa katika hali ileile ya mwanafunzi wetu mbele ya mnofu wa shakwe. Vijana wa idara hii wanaotafuta mada ya tasnifu wasiende mbali: waende buchani na daftari, waulize, waandike.