Fungate ya Ulaya na swali la ubalozi



Msimu wa ndoa umekolea huku kwetu Kigoma. Kila Dominika kabla ya baraka ya mwisho nasoma matangazo ya ndoa, na karibu kila Jumamosi matarumbeta yanapita barabara ya Ujiji yakienda na kurudi. Kamati zinakusanya michango, kadi zinagawiwa, simu zinaita hata katikati ya Misa. Hayo tumeyazoea. Jipya ni kwamba siku hizi wapo vijana wanaokuja ofisini na karatasi mbili. Ya kwanza ni ratiba ya harusi. Ya pili ni ya fungate, na juu yake yameandikwa majina ya Paris, Lourdes, Venice na Roma. Siku kumi na mbili, nchi mbili au tatu, mwezi Septemba, kwa sababu wamesikia kwamba wakati huo joto la Ulaya limepungua, watalii wamepungua, na majani ya miti yanaanza kugeuka rangi.

Usinielewe vibaya. Sioni dhambi katika kupanda ndege. Anayeweza kumpeleka mkewe Venice kwa jasho lake halali, Mungu amjalie safari njema. Ninachotaka tukiangalie leo ni fungate yenyewe, imewekwa kwa ajili ya nini.

Neno hili ni la kale. Waswahili wa zamani walipohesabu, namba inayofuata sita waliiita fungate, au mfungate. Saba tuliipokea kutoka kwa Waarabu, ikashika sokoni na shuleni, na fungate ikabaki kwenye ndoa peke yake: siku saba za maharusi. Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Katika Mwanzo sura ya 29, Labani anamtaka Yakobo alimalize kwanza juma la Lea. Katika Waamuzi sura ya 14, karamu ya harusi ya Samsoni ni ya siku saba. Kwa wazee wetu siku hizo maharusi walikuwa ndani. Hawakupika, hawakuteka maji, hawakulima. Wengine waliwafanyia kazi ili wao wapate nafasi ya kuzoeana. Fungate ilikuwa zawadi ya muda ambayo ndugu waliwapa, na gharama yake ilikuwa mikono ya mashangazi.

Sasa tazama fungate ya Ulaya inavyoandaliwa. Kwa nchi zilizo katika eneo la Schengen, kama Ufaransa, Italia na Uswisi, viza moja inatosha. Unaiomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Uingereza haimo humo, ina viza yake. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala halitakiwi kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Inatakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tena huwezi kumtuma mtu: alama za vidole ni zako, kwa hiyo mnasafiri wote wawili hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Anayefunga ndoa Septemba anajikuta akiomba viza Julai, cheti cha ndoa hana, na kwenye fomu bado ni kapera.

Halafu linakuja jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Ubalozi unataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Hautaki kuona tu kwamba fedha zipo; unataka kuona zimeingiaje. Mshahara unaoingia kila mwezi unaeleweka. Mamilioni yaliyoangukia kwenye akaunti wiki iliyopita yanaulizwa: haya yametoka wapi?

Vijana wawili wa parokiani kwetu walilifikia swali hilo mwaka juzi. Wamenipa ruhusa niwasimulie, ila majina yao yabaki kwao. Walikuja jioni moja kunionyesha makaratasi ili niwaandikie barua ya utambulisho. Binti ndiye aliyekuwa anayapanga mezani kwangu, moja baada ya jingine, kwa unadhifu wa mwalimu wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye taarifa ya benki ya mwenzake alisimama. Akarudia kusoma. Sh18 milioni zilikuwa zimeingia kwa siku moja.

“Hizi zimetoka wapi?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Kijana alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba nimjibie. Kisha akasema alizikopa, sehemu kwenye chama cha kuweka na kukopa cha kazini, sehemu kwa rafiki, ili akaunti ionekane imejaa. Nusu zingerudi kwa wenyewe viza ikitoka. Nusu zingetumika, na zingelipwa kwa miaka mitatu kutoka kwenye mshahara. “Nilitaka kukufurahisha,” alimwambia.

“Kwa mshahara upi, huo tuliopanga kujengea?”

Sikuwa na la kuongeza. Mpendwa msomaji, fomu ya Kanisa ambayo padri anaijaza na wachumba kabla ya ndoa ina maswali mazito. Unakuja kwa hiari yako? Uko huru, hujafungwa na ndoa nyingine? Unakubali kwamba ndoa ni ya mpaka kifo? Unakubali watoto? Deni haliulizwi. Ilibidi afisa asiyewajua, mgeni kabisa, ndiye asababishe wachumba hawa waulizane jambo ambalo mama zao, kamati yao na padri wao hawakuwauliza. Na kijana yule hakuwa tapeli. Alikuwa amesikia kwamba wengi hufanya hivyo, na ni kweli wengi hufanya. Lakini kumwonyesha mtu fedha za kuazima kama zako ni kushuhudia uongo, na amri ya nane haina kifungu cha fungate. Kilichomuuma binti, hata hivyo, hakikuwa ubalozi. Kilikuwa kwamba ndani ya ndoa ambayo haijafungwa tayari kulikuwa na chumba ambacho yeye hana ufunguo wake.

Aliomba ndoa isogezwe. Kamati ilikasirika, kadi zilikuwa zimeshachapwa. Shangazi mmoja alinijia hapa ofisini akitaka “Baba Padri uongee na huyu mtoto, anatuaibisha.” Niliongea naye, nikamwambia ana haki. Fedha zilirudishwa, pamoja na riba ya miezi miwili, na walifunga ndoa Januari. Ulaya hawajafika.

Katika Biblia yetu Wakatoliki kimo Kitabu cha Tobiti, ambacho ndugu zetu wa madhehebu mengine wengi hawanacho, na kwa jambo hili nawahurumia, maana ni kitabu cha safari, fedha na fungate kwa pamoja. Tobia kijana anatumwa na baba yake kipofu kwenda mbali, Rage ya Media, kuchukua talanta kumi za fedha zilizowekwa kwa Gabaeli. Njiani, Ekbatana, anamwoa Sara, binti ambaye waume saba walikwisha kufa usiku wa harusi. Usiku ule kabla ya kulala wanainuka wote wawili na kusali. Baba mkwe Ragueli, kwa kutokuwa na matumaini, alikuwa ameshachimba kaburi nje. Alipoambiwa mkwe yu hai alilifukia, akatangaza sherehe ya siku kumi na nne.

Sasa angalia. Fedha bado ziko Rage, na ndizo zilizomleta. Tobia hamwachi mke wake akazifuate. Anamtuma mwenzake wa safari, ambaye kumbe ni Malaika Rafaeli, azilete. Yeye anabaki. Na siku kumi na nne zilipotimia, Ragueli alipombembeleza akae zaidi, alikataa, kwa sababu alijua nyumbani baba yake anahesabu siku na mama yake anatoka kila siku kuitazama njia.

Kuhusu safari za maharusi, tunao pia watakatifu wa karibu zaidi. Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, walifunga ndoa Alençon, Ufaransa, mwaka 1858, na Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Safari yao ya kwanza ilikuwa kwenda Le Mans, kumtembelea dada yake Zélie aliyekuwa mtawa. Huko bibi harusi alilia sana, kwa sababu hata yeye aliwahi kutamani utawa. Mume wake alimwelewa na kumfariji. Hakuna picha ya siku ile ambayo ungependa kuiweka kwenye simu. Ila Zélie aliikumbuka karibu miaka ishirini baadaye, akamwandikia binti yake.

Namfahamu mvuvi mmoja wa dagaa wa Katonga. Wavuvi wanajua kwamba usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Huyu alipopanga ndoa yake hakunifuata na kalenda ya ukumbi. Alinifuata na kalenda ya mwezi. “Padri, nataka Jumamosi ambayo mwezi ni mpevu, ili nikae na mke wangu bila kumwibia mtu wala kuibiwa.” Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, inamwondolea aliyeoa vita na kazi za umma kwa mwaka mzima ili amfurahishe mke wake. Yeye aliweza kupata usiku kadhaa tu. Lakini alizihesabu mapema, na mkewe alijua zilikotoka.

Kwa ninyi ambao makaratasi yenu yamenyooka na nauli imelipwa, nina neno. Mkifika Roma msiishie kwenye chemchemi na barafu za maziwa. Jumatano Baba Mtakatifu anapokuwa na katekesi, maharusi wapya hutengewa mahali pao na kupewa baraka. Tiketi ni bure. Haiuzwi, anayekuuzia ni mwizi. Sharti ni kwamba ndoa iwe ya Kanisa na isizidi miezi miwili, mwende na cheti cha parokia, na muwe mmevaa mavazi ya harusi. Cheti njooni mkichukue mapema, ofisi yetu Jumatatu haifunguliwi. Nawe bibi harusi, tiketi ya ndege ikatwe kwa jina lililomo kwenye pasipoti, hata kama kanisani tumeshakuita kwa jina la mumeo. Shela usiliweke kwenye begi la kupakiwa chini. Libebe mkononi.