Recioto: Redi Tamu Haibugiwi

Mbogi ya redi tamu, hii ni yenu. Kuna wasee hudai ati waini tamu ni ya wanaoanza, na wajuaji wanafaa kupiga kavu tu. Hiyo ni uongo, na chupa ya kuithibitisha inatoka Italia, kwa milima ya kaskazini ya Verona. Inaitwa Recioto della Valpolicella. Ni tamu mbaya, ni nzito, na nguvu iko.

Utamu wake ni wa zabibu zenyewe. Wakulima wa Valpolicella wakishavuna Corvina, Corvinone na Rondinella, hawakimbilii kukamua. Wanazianika kwa matrei ndani ya dari zenye hewa safi, zinakauka mos mos miezi tatu, nne hivi. Maji inatoka, uzito unashuka kitu 30 hadi 40 kwa mia, na sukari inabaki imejikusanya. Zabibu mob, juisi kidogo. Ndio maana bei yake inauma, na ndio maana chupa zake mob huwa ndogo.

Hapo ndio njia zinaachana. Hamira ikiachwa ikule karibu sukari yote, unapata Amarone, ile redi kavu yenye jina kubwa. Ikisimamishwa mapema, unapata Recioto. Na usidanganyike na jina, Recioto ndio mkubwa kwa hii familia. Karne ya 6, Cassiodorus, aliyewahi kuwa mkubwa wa serikali ya Mfalme Theodoric huko Italia, tayari alikuwa anaisifu waini ya Verona ya zabibu zilizokaushwa. Amarone ilikuja baadaye sana. Watu wa Negrar, hapo hapo Valpolicella, husimulia venye pipa ya Recioto ilisahaulika, kucheki 1936 wakapata utamu umeisha, imegeuka Amarone. Zote mbili zilipewa DOCG, daraja ya juu ya waini Italia, 2010.

Sasa, venye unaionja. Iweke kwa friji nusu saa hivi, ifike kitu digrii 14 hadi 16. Ikiwa moto, pombe inakuchoma pua na utamu unakwama kwa ulimi. Mimina kidogo, zungusha glasi, nusa kabla ya kugusa. Utapata cheri iliyoiva, plamu kavu, kakao, na viungo ka mdalasini. Piga funda ndogo, ishike kwa mdomo. Utamu unaingia kwanza, halafu uchachu unausafisha, halafu ule ukali wa maganda unakaza ufizi. Ukimeza na ladha ibaki kwa muda, hiyo ni kazi safi.

Upande wa dishi, sheria ni moja: kitamutamu kisiizidi waini kwa utamu. Keki yenye krimu mob itafanya Recioto ikae chachu. Chukua chokoleti nyeusi, ya kakao 70 kwa mia hivi. Uchungu wake na matunda ya waini zinashikana vipoa. Biskuti za lozi ka amaretti ama sbrisolona ya Mantova pia ziko sawa.

Lakini ka unataka kushtuka, weka jibini kwa meza. Gorgonzola, ile yenye mishipa ya bluu, ina chumvi na ukali wa kutosha kuvunja utamu, na waini nayo inatuliza ile chumvi. Monte Veronese iliyokomaa, jibini ya milima ya hapo hapo Verona, inafanya kazi hiyo bila kelele. Pilipili kali, sare kabisa. Itawasha ile pombe mpaka usiskie kitu kingine.

Ka umefika 18, ukiamua kujibamba na hii kitu, changeni doh na mabeshte watatu, mgawane chupa moja ndogo baada ya msosi, na mwenye anaendesha asiguse. Sio tei ya kuwaka. Imengoja miezi darini ndio ikufikie. Inywe polepole, na mtu asikuambie tena ati redi tamu ni ya watoto.