"Nitakuja" Haiandikwi Mara Tatu

Usiku wa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei, mpwa wangu, binti ya marehemu dada yangu, alinipigia simu kutoka Minnesota, Marekani, alikokulia. Baada ya kuniamkia alisema, "Mjomba, sijakubaliwa wala sijakataliwa." Vyuo vitatu vya udaktari vilikuwa vimemtia katika orodha ya kungojea, naye alitaka niisome barua aliyokusudia kuvipelekea vyote.

Msomaji wa hapa kwetu huenda akashangaa. Mtoto aliyefanya KCSE hupangiwa chuo na KUCCPS kwa alama zake, na barua yake, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu, haimwongezei pointi hata moja. Marekani mambo ni mengine. Mwaka wa 2023 watu zaidi ya 52,000 waliomba kusomea shahada ya M.D. huko, na walioingia ni karibu 23,000. Mwombaji hodari huweza kukubaliwa na vyuo kadhaa, na ifikapo tarehe 30 Aprili hutarajiwa kubaki na kimoja. Hapo ndipo viti huachwa wazi na vyuo vikaigeukia orodha.

Rasimu ilinichekesha, kisha ikanihuzunisha. Kiingereza chake kilikuwa safi, lakini adabu zake zilikuwa za kwetu: heshima na taadhima, mama aliyefariki, taabu za baba, ombi la kuhurumiwa. Niliutambua mkono wa shemeji yangu. Kwetu aombaye hujishusha, na kujishusha huko ndiko kunakolipa ombi uzito. Huko msomaji wa barua hutafuta jambo jipya: alama za muhula uliokwisha, kazi iliyoanzwa hospitalini, sababu ya kukitaka chuo hicho na si kingine. Ukurasa mmoja unatosha. Tena vipo vyuo visivyotaka barua yoyote, na kuviandikia ni kukiri kwamba hukusoma maagizo.

Hayo tuliyarekebisha upesi. Lililotukesha hadi saa saba ni sentensi moja, iliyokuwamo katika barua zote tatu: "Mkinipa nafasi, nitakuja."

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka wa 1955, alieleza kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ndiko kutenda. Asemaye "naahidi" hatoi habari za ahadi, ameshaahidi. Wamarekani nao hutofautisha barua ya hamu, ambayo mtu aweza kuipeleka popote, na barua ya nia, ambayo hupelekwa mahali pamoja tu. Barua hiyo ya pili haimfungi mtu kisheria. Ndiyo maana nilimwuliza, "Wakikuita wote watatu, wawili utawaambia nini?"

Alinyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, wenzangu wanafanya hivyo. Wewe umesahau kungojea kulivyo."

Maneno hayo yalinichoma kwa kuwa ni ya kweli. Ni rahisi kwa mwenye kazi ya kudumu kuvipima vitenzi vya mtu ambaye riziki yake ya kesho imo katika orodha asiyoiona. Hata hivyo sikulegeza. Nilimkumbusha kwamba siku moja atamwambia mgonjwa, "Nitarudi asubuhi," na mgonjwa atalala akiitegemea kauli hiyo.

Jumatano aliandika "nitakuja" kwa chuo kimoja, kile kilicho karibu na baba yake. Viwili vingine alivipa habari zake mpya na hamu yake, basi. Masomo huanza Julai au Agosti, na orodha huweza kusogea hadi siku za mwisho. Simu yangu siizimi usiku.