Mtoto wa Pili na Mkubwa Wake

Azaliwapo mtoto wa pili, majirani humiminika kumtazama mchanga, na yule wa kwanza husahauliwa. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliwajulisha madaktari wenzake jina la kwashiakoo: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuzaliwa mdogo wake, akabaki kulishwa uji mtupu. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi.

Kwetu Matiliku kinga i shambani: kunde, pojo, mbaazi. Muthokoi wenye maharagwe, ukipondwa laini, wamfaa sana mkubwa. Na yai, kuku akitaga. Mchanga yamtosha maziwa ya mama pekee miezi 6. Baba naye, arudipo jioni, ampakate mkubwa amlishe, kwani mikono ya mama imejaa.