Msitu wa Nyungwe: Mgeni Anatembea, Mfanyakazi Anabeba



Sisi wa Rusizi na Nyamasheke tumezoea kuwaona wageni. Wengine hushuka kwa ndege Kamembe, wengine huja kwa boti za Ziwa Kivu, wengine hupita kwa barabara ya Huye. Karibu wote wana haja moja, nayo ni kutembea kwa miguu ndani ya msitu wa mvua. Wenzetu wa Unguja wanaijua kazi hiyo. Meli kubwa za matembezi zikitia nanga mjini, abiria hupakiwa katika mabasi wakaone kima punju wa Jozani, kisha hurudi melini kabla ya jua kutua. Kwetu msitu ni Nyungwe, na kutoka Kamembe hadi Gisakura ni kama mwendo wa saa moja kwa gari.

Makala hii inataka tuutazame msitu huo kama mahali pa kazi.

Nyungwe una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ulifanywa hifadhi ya msitu mwaka 1933, ukawa Mbuga ya Taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 shirika la UNESCO likauandika katika Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 2020 unaendeshwa na shirika la African Parks kwa mapatano na Serikali. Ndani yake mna aina 13 za jamii ya nyani, wakiwemo sokwe na mbega wanaotembea kwa makundi makubwa. Tembo hawapo tena. Wa mwisho aliuawa na majangili mwaka 1999.

Mgeni anaona nini? Pale Uwinka anateremka njia ya Igishigishigi hadi kwenye daraja la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2010. Lina urefu wa mita 160 hivi, na akitazama chini anaona vilele vya miti. Kutoka Gisakura anaifuata njia ya Isumo, anapita katikati ya mashamba ya chai, kisha anaingia msituni mpaka kwenye maporomoko ya maji. Anayetaka sokwe huamka usiku na kupelekwa Cyamudongo, kimsitu kidogo kilicho hapa hapa wilayani Rusizi, ambacho mashamba yetu yamekitenga na msitu mkubwa.

Sasa tuhesabu mikono. Kabla mgeni hajanywa chai ya asubuhi, wafuatiliaji wa sokwe wamekwisha kuingia porini kutafuta mahali walipolala. Njia ile ya udongo isipofyekwa na kuchimbiwa mifereji, mvua moja kubwa inaifuta. Ngazi za miti huoza, lazima zibadilishwe. Muongozaji anatembea mbele, akijua jina la kila mti na sauti ya kila ndege, tena kwa lugha mbili au tatu. Nyuma yupo mpagazi mwenye mfuko wa mgeni mgongoni, anayempa mkono mgeni penye utelezi. Walinzi wanakagua mitego ya waya. Jioni wapishi na wafua nguo wa hoteli bado wamesimama.

Katika kundi hilo wapo wenye mkataba na mshahara wa mwezi. Lakini mpagazi hulipwa kwa safari. Msimu wa wageni ukiisha, na kipato kimeisha. Bakshishi ni jambo zuri, tusiikatae. Ila bakshishi haimlipii mtu uzeeni, wala haimtibu aliyevunjika mguu. Je, mpagazi akiteleza leo kwenye mteremko wa Isumo, jina lake limeandikwa wapi? Swali hilo ndilo kila tawi liulize.

Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema mkataba wa mdomo usizidi siku 90 mfululizo. Anayefanya kazi kupita hapo anastahili mkataba wa maandishi. Mwajiri anapaswa kumwandikisha mfanyakazi wake katika mfuko wa RSSB. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara: mwajiri anatoa 6 na mfanyakazi 6. Mwajiri hutoa pia asilimia 2 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Na yule asiye na mwajiri mmoja anaweza kuweka akiba yake katika EjoHeza, mpango ulioanza mwaka 2018, ambao unawapokea hata vibarua.

Wachuma chai wa Shagasha na Gisakura mtauliza: haya yanatuhusu nini sisi tunaolipwa kwa kilo? Yanatuhusu sana. Chai haikupandwa kando ya Nyungwe kwa bahati. Msitu unapata mvua ya kati ya milimita 1,500 na 2,500 kwa mwaka, unaihifadhi kama sifongo, kisha unaiachia kidogo kidogo kwenye vijito na ukungu. Wataalamu wanakadiria kwamba maji ya Rwanda kwa asilimia 70 yanaanzia huko. Msitu ukikatwa, jani la chai litakauka, na kilo zetu zitapungua. Kwa hiyo anayetega waya au kukata mti kwa siri anampunguzia mwenzake mshahara.

Ni kweli pia kwamba jirani wa msitu hawezi kuishi kwa kuambiwa "usiguse" peke yake. Mwaka 2005 Serikali ilianza kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii wa mbuga kwa vijiji vinavyozizunguka, na mwaka 2017 ikapandisha kuwa asilimia 10. Fedha hizo hujenga shule, hospitali na mabomba ya maji. Mfanyakazi anayeishi katika tarafa hizo ana haki ya kwenda mkutanoni na kuuliza zimefanya nini.

Basi, ndugu zangu, kazi iliyo mbele ni hii. Kwanza, kila muongozaji, mpagazi na mfagia njia aandikishwe kwa jina, hata akiwa kibarua. Pili, buti, koti la mvua na sanduku la dawa viwe juu ya mwajiri. Tatu, wafanyakazi wa hoteli na wa msituni wachague wawakilishi wao, kama tulivyofanya viwandani. Nne, wachuma chai na wapagazi wakutane pamoja, maana aghalabu ni watu wa nyumba moja: mume yuko njiani na mizigo, mke yuko shambani na kikapu.

Mgeni atapanda boti yake aende zake. Sisi tutabaki na msitu, na chai, na watoto wa kusomesha. Umoja ni nguvu!