Chaja ya Kibandani na Umeme wa Ukutani

Sisi watu wa pwani tukipanda Nyeri mwezi wa Juni au Julai hujifunika mablanketi mawili na bado meno yakagongana. Mji huu uko kadiri ya mita 1,750 juu ya bahari, na Mlima Kenya wenyewe, ambao asubuhi nyingi hujificha mawinguni, umefika mita 5,199. Lakini si baridi iliyonishikisha kalamu. Nimeona huku jambo ambalo liko kwetu Mombasa, Malindi na Lamu vilevile, ila baridi hulizidisha: watu hulala na vyombo vinavyotiwa chaji chini ya mto na ndani ya mablanketi.

Vyombo nivisemavyo ni vile vipokea sauti vidogo vya masikioni, visivyo na waya, ambavyo hulazwa katika kasha lao kama lulu katika chaza. Vimeenea. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wanavyo, utingo wa matatu ya Nanyuki anacho kimoja katika sikio la kushoto, na akina mama wa soko la Karatina hupanga viazi huku wakisikiliza mahubiri yao. Ndugu zetu Waislamu wa Majengo nao husikiliza Qur'ani na darsa za masheikh wa pwani. Katika hayo sina neno. Neno langu ni kwamba aghalabu kasha huuzwa na kipande cha waya tu, bila chaja, na mnunuzi hana budi kwenda kibandani kutafuta ya kuchomeka ukutani.

Nilisimama kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Kijana akanionyesha chaja nyeupe, nyepesi kama ganda la yai, bei yake haifiki nauli ya kwenda Karatina.

"Chukua hii, mzee. Hii ni orijino."

"Orijino ya nani, mwanangu?"

Akacheka. "Orijino ya China, mzee wangu."

Nami sikumlaumu, kwani China hutengenezwa chaja bora kabisa na mbovu kabisa, na yeye huuza aletewacho. Nikamshukuru, nikaenda kwa fundi wa redio na simu ambaye hukusanya chaja zilizokufa katika debe. Akazivunja mbili mbele yangu, moja ya kampuni inayojulikana na moja ya kibandani.

"Shekhe, tazama hapa," akaniambia. "Upande huu umeme wa ukutani, upande huu umeme wa simu. Sasa niambie, ukuta uko wapi?"

Hapo ndipo penye siri yote. Umeme wa majumba yetu Kenya ni volti 240, na sehemu yake hutoka katika mabwawa ya Mto Tana, kama Kindaruma la mwaka 1968 na Masinga la mwaka 1981. Mto uleule unaopokea maji ya milima hii na kwenda kumwagika baharini kwetu karibu na Kipini. Kasha la vipokea sauti lahitaji volti 5 tu. Kazi ya chaja ni kupunguza hizo 240 ziwe 5, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuhakikisha kuwa pande hizo mbili hazigusani hata siku moja. Katika chaja ya heshima, baina ya njia za umeme za pande hizo mbili huachwa nafasi ya milimita tano au sita, na mara nyingine ubao hukatwa ufa katikati. Transfoma yake ndogo huviringwa utepe wa kuzuia umeme, tabaka juu ya tabaka. Katika ile ya kibandani fundi alinionyesha madoa mawili ya risasi yaliyoachana kama unene wa kucha. Likiingia tone la jasho, au vumbi lenye unyevu, umeme wa ukutani huvuka ukaja katika waya unaoushika mkononi.

Mwaka 2016 maabara ya UL ilijaribu adapta 400 zilizoghushiwa kwa jina la Apple. Zilizopita jaribio la msingi la usalama zilikuwa tatu tu, na kumi na mbili zilionekana zaweza kuua mtu.

Basi mtu asiye fundi atatambuaje? Tazama kwanza miguu ya plagi. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, na chaja iliyofaa huingia bila kulazimishwa. Pima pia kutoka ukingo wa mguu hadi ukingo wa chaja. Pasipungue milimita 9.5, ili kidole kisifike kwenye chuma unapochomeka. Ile ya miguu miwili ya mviringo, ambayo watu hutia kalamu katika tundu la juu ili ikubali kuingia, mimi siitaki nyumbani kwangu, maana hulegea na kutoa cheche. Kisha soma maandishi. Yawepo jina la mtengenezaji, volti 100 hadi 240 za kuingia, volti 5 za kutoka pamoja na idadi ya ampea, na kwa chaja nyingi alama ya mraba ndani ya mraba, yaani umeme umezuiwa maradufu. Maneno yakiwa na makosa ya herufi, irudishe. Iulizie pia alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ingawa wenye kughushi chaja hawashindwi kughushi kibandiko.

Wengi huogopa kuwa chaja kubwa ya simu "italipua" kasha dogo. Hofu hiyo haina msingi ikiwa chaja ni ya kweli. Betri ya kasha kwa kawaida ni miliampea-saa 300 hadi 500, nalo huvuta kiasi linachotaka tu, kama mtu anywavyo kikombe kimoja katika mtungi. Hata zile chaja za kasi huanza na volti 5 na hazipandishi mpaka chombo kiombe. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha simu na vipokea sauti vipya kutumia tundu moja la USB-C, na wenye viwanda wengi hawatengenezi umbo jingine kwa ajili yetu, kwa hiyo chaja moja njema yatosha nyumba nzima. Ila yako makasha ya bei ndogo ambayo hayakubali chaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Mwenyewe hudhani chaja imekufa, akaitupa, akanunua mbovu. Abadilishe waya tu, atumie ule wenye kichwa cha zamani cha mstatili.

Niyarudie mablanketi. Betri za lithiamu huchukia joto, na chaja hutoa joto hata ikiwa nzima. Ukiifunika joto halina pa kwenda. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Sioni tofauti kubwa baina ya taa ile na kidude hiki kinachopata moto chini ya mto wa mtoto. Kasha dogo hujaa kwa saa moja au mbili. Litiwe chaji baada ya Magharibi, juu ya meza, likatolewe kabla ya kulala.

Hatari kuliko zote ni vile vya kuzunguka shingo, na vile vya waya vilivyounganishwa na simu iliyo ukutani. Vya kasha haviwezi kuwa sikioni na katika chaji kwa pamoja, lakini hivi vyaweza, na nimewaona vijana wa Majengo wamelala navyo usiku wa Ramadhani wakingoja daku, waya umetoka ukutani hadi shingoni. Kwetu pwani, ambako mtu hulala akitoka jasho, na hewa ya chumvi hula miguu ya plagi ikawa kijani, waya huo ni mbaya zaidi kuliko huku Nyeri.